Nyuki Wamehama, Mzinga Umebaki

Chumba walichokuwa wakilia chakula hakikuwa kikubwa. Ukinyoosha mkono unagusa kabati la vyombo, ukinyoosha mguu unampiga teke mwenzako wa upande wa pili. Kwa hiyo Mama Kifungo hakuelewa kabisa ilikuwaje watu wawili, baba na mwanawe wa kumzaa, wakae kwenye meza hiyo moja, magoti yakigusana, halafu wasisikiane.

"Mama Kifungo," alisema mume wake huku macho yakiwa kwenye kikombe, "mwambie baba anisogezee sukari."

Bakuli la sukari lilikuwa mbele ya mzee, karibu na kiwiko chake.

"Baba, anaomba sukari."

"Nani?"

"Mwanao."

"Mwambie mwanangu ana mikono."

"Anasema una..."

"Nimesikia," mume wake alimkata.

"Kama umesikia, mimi naitwa wa nini hapa? Redio?"

Hakuna aliyecheka isipokuwa Kifungo, mtoto wa miezi michache aliyekuwa amepakatwa, naye alicheka kwa sababu kijiko kimeanguka. Mama Kifungo alinyanyua bakuli mwenyewe, akalihamisha kutoka kwa baba mkwe hadi kwa mume, safari ya mkono mmoja tu, akarudi kukaa. Chai yake ilikuwa imepoa.

Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa dirishani ili apate mwanga, na wateja walimpitishia nguo hapohapo dirishani bila kuzunguka mlangoni. Mume wake alikuwa mwokaji katika tanuri la mikate, mtu mrefu ambaye unga haukumtoka masikioni hata aoge vipi. Baba mkwe alikuwa fundi saa. Siku hizi saa hazikumjia tena, maana watu huangalia saa kwenye simu, na hata zingekuja macho yake yalikuwa yameanza kuona vitu vidogo kama vimemwagiwa maziwa. Basi kazi yake kubwa ikawa kumshika mjukuu wakati mama anashona. Jina la Kifungo ni yeye aliyelitoa. Alipomwona mtoto siku ya kwanza, uso wa duara na vijicho viwili katikati, alisema, "Hiki ni kifungo cha koti," na jina halikutoka tena.

Mama Kifungo alipoolewa aliona ajabu jinsi baba na mwana walivyopatana. Walitoka pamoja, wakarudi pamoja, sauti zao unazisikia kabla hawajakata kona. Ilimchukua muda kugundua kwamba walikuwa na mazungumzo ya jambo moja tu, nalo ni Nyuki, timu ya mpira ya mji wao. Lakini ndani ya hilo moja waliweka yote. Jirani alimsimulia kwamba marehemu mama mkwe alipozikwa, wawili hao walikaa kwenye ngazi ya nyuma wakabishana juu ya kipa, kama alitakiwa kutoka golini au kubaki, wakabishana mpaka machozi yakawatiririka. Waombolezaji wakadhani wamechanganyikiwa.

"Walikuwa wanamlilia kipa?" Mama Kifungo aliuliza.

"Mwenzangu, hata mimi sijui," alisema jirani.

Kisha Nyuki wakahama.

Mama Kifungo alivyoelezwa ni kwamba mwenye timu aliiuza kwa tajiri wa mji mwingine, na tajiri akataka mali yake iwe karibu naye. Lori lilikuja uwanjani likapakia mipira, nyavu, viti vya wachezaji wa akiba, hata mashine ya kufulia jezi. Likapakia na jina. Hapo ndipo alipoanza kupotea. Jina linapakiwaje? Lakini ndivyo ilivyokuwa. Redioni wakaanza kutangaza Nyuki wa kule, na Nyuki wa hapa hawakuwepo tena. Uwanja ukabaki na majani yake na magoli mawili yasiyo na nyavu.

Watu wa mji wakakaa kama waliofiwa, halafu wakachoka kukaa. Wafanyabiashara wa soko na wazee wa mtaa wakachanga, wakaunda timu mpya. Wakaiita Mzinga, kwamba nyuki wakihama, mzinga si unabaki? Wachezaji waliokataa kwenda kule wakajiunga. Rangi ikawa njano ileile. Nyuki nao, kule walikokwenda, hawakuacha njano yao. Tofauti ikabaki kwenye nembo ya kifuani tu. Moja ina mdudu, nyingine ina nyumba ya mdudu.

Ndipo dirisha la Mama Kifungo likajaa jezi. Huyu anataka nyuki afumuliwe, ashonewe mzinga. Yule anataka nyuki wake akazwe uzi vizuri, asije akabanduka kwa chuki za watu. Kinyozi wa mtaani, mtu wa maneno mengi, alileta yake akitaka zote mbili, moja kifuani na moja mgongoni.

"Sasa wewe unashangilia ipi?" Mama Kifungo alimuuliza, mdomoni ameshika pini.

"Inategemea nimewapa watu mgongo au uso."

"Zikicheza zenyewe kwa zenyewe?"

Kinyozi alikuna kichwa, kichwa chake mwenyewe kisicho na unywele. "Dada, wewe shona. Maswali mengine ni ya redioni."

Wiki iliyofuata alirudi, akaomba ile ya mgongoni itolewe. Baadaye akarudi tena, akasema irudishwe, ila ndogo zaidi. Mama Kifungo alishona alichoambiwa. Usiku kichwa kilimzunguka. Yeye mwenyewe aliondoka kwao siku ya kuolewa na begi na cherehani, na hakuhisi amekuwa mtu mwingine. Lakini akienda kusalimia kwao, mama yake hutandika kitambaa kizuri mezani na kusema, "Mgeni amefika." Ni yeye aliyehama au ni nyumba iliyomhama? Angemuuliza mume wake, lakini mume wake siku hizi alikuwa akilala ameupa ukuta uso.

Maana nyumbani kwao ndiko moto ulikowaka zaidi. Mume wake alihamia Mzinga tangu siku ya kwanza. Mzee akasema yeye ni Nyuki, na Nyuki ni Nyuki hata wahamie mwezini.

"Timu ni jina," alisema mzee. "Mimi hata nikihama nyumba hii nitabaki baba yako."

"Timu ni watu wa uwanjani. Wametuacha, baba! Walichukua hata ndoo ya maji!"

"Wewe ni msaliti."

"Na wewe ni kama mke aliyeachwa, anamfuata mume kwa mke mwenziwe akamfulie nguo."

Mama Kifungo alikuwepo, na sindano ilimchoma kidole kwa neno lile. Mzee aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango polepole, polepole kiasi kwamba ungeona nafuu angeubamiza. Tangu hapo hakumsemesha mwanawe ila kwa kumpitia mkwe, na mwana naye akalipa hivyohivyo.

Hayo angeyavumilia. Lakini asubuhi moja mzee, Kifungo akiwa amemlalia begani, alisema kama anayetaja hali ya hewa:

"Mwanangu, ratiba imetoka. Nyuki wanakuja kucheza na hawa watoto wa Mzinga. Watakuja na basi la mashabiki. Basi likirudi, mimi nitakuwa ndani."

"Unakwenda kuwatembelea, baba?"

"Nakwenda kukaa. Dada wa mume wako yuko kule, ana chumba. Macho haya yana muda mfupi. Nataka yaishie kuona kitu ninachokijua." Alimpigapiga mtoto mgongoni. "Mwambie mwanangu."

Mama Kifungo alimfikishia mume wake jioni. Mume wake alikuwa akivua viatu. Alibaki na kimoja mkononi kwa muda.

"Mwambie safari njema," alisema.

Mama Kifungo alikwenda uani, akafungulia maji yaingie kwenye beseni ili kilio chake kisisikike. Kifungo alikuwa halali mchana ila kwa babu. Mzee alikuwa akimweka kifuani na kuvuma kwa sauti nzito ya chini, *vuuuuu*, ule mvumo wa mashabiki wa Nyuki wakati wa kona, na mtoto macho yanalegea. Mama alijaribu kuvuma hivyo mara nyingi. Mtoto alimtazama tu kama anayemwambia, mama, nini hiki?

Mechi ilipokaribia, kila mmoja kwa wakati wake alimletea jezi. Zilikuwa mbili za siku moja, za duka moja, saizi moja, maana mzee zamani alikuwa na mwili.

"Yangu imechanika kwapani," alisema mzee. "Kulia. Nitengenezee, nisiende kwa watu kama gunia."

"Yangu toa huyo mdudu, weka mzinga," alisema mume wake. "Nimemvumilia vya kutosha."

Alizifua pamoja, akazianika pamoja. Alipozitoa kwenye kamba alichukua ya kwanza, akaigeuza, akaona kwapa la kulia limeachia. Hii ya baba. Akaishona vizuri, kwa uzi maradufu, akaiweka kando. Akachukua ya pili, akafumua nyuki mshono kwa mshono, akaweka mzinga. Akiwa anakunja ndipo kidole chake kilipotumbukia kwenye tundu. Kwapani. Kulia.

Akazitandika zote mbili mezani, akazitazama. Bila shaka! Mashabiki wa Nyuki wote, mvumo ukifika juu, hurusha mkono wa kulia hewani kama mwiba. Baba anarusha, mwana anarusha, miaka nenda miaka rudi, kitambaa kitapona vipi? Basi ile ya kwanza ilikuwa ya nani? Alinusa, zote zilinuka sabuni ileile. Alipima mabega, sawasawa. Angeuliza, lakini angeanzaje? Kwamba nyuki wa baba huenda amekwisha kufumuliwa? Chumbani Kifungo akaanza kulia, kile kilio chake cha njaa kisicho na subira. Mama Kifungo akashona tundu la pili harakaharaka, akazikunja zote kwa namna moja, kifua ndani, akaziweka juu ya kabati. Nimepatia, alijiambia. Kwa nini nisipatie? Mtu hawezi kukosea kila kitu.

Siku ya mechi alikuwa akimwogesha mtoto wanaume walipojivalia. Mzee alipapasa jezi ya kwanza kwenye kola, akairudisha, akapapasa ya pili, akaridhika. Aliijua yake kwa vidole. Zamani aliikata lebo ya kola kwa sababu ilikuwa ikimkuna shingo. Hilo mkwe wake hakuwahi kulijua. Akaivaa, na kwa kuwa asubuhi ilikuwa na ubaridi akavaa na koti, akalifunga mpaka kidevuni. Mume alitia iliyobaki kwenye mfuko wa plastiki bila kuikunjua. Alikuwa na zamu tanurini mpaka adhuhuri, angebadilishia njiani.

Mlangoni alisimama. Baba yake alikuwa amekaa na begi lake miguuni, begi jeusi lililofungwa kamba kwa sababu zipu ilikufa.

"Mwambie baba..." alianza mume. Akauhamishia mfuko mkono wa pili. "Mwambie asisahau dawa ya macho."

"Mwambie ninayo," alisema mzee.

Mchana Mama Kifungo alimbeba mtoto mgongoni, akashika begi kwa mkono mmoja na baba mkwe kwa mkono wa pili. Hakuwahi kukanyaga uwanjani. Alikuwa amewazia uwanja wenye pande mbili, rangi hii huku na ile kule. Alichokikuta ni njano tupu. Njano wanaotoka kwenye basi, njano wanaotoka mitaani, njano wakikumbatia njano, njano wakitukana njano. Basi la Nyuki lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta. Dereva alipokea begi, akalisukumia tumboni mwa basi.

"Filimbi ya mwisho, mzee, naondoka. Simsubiri mtu."

"Utanikuta nimesimama hapa."

Kulikuwa na mageti mawili, la wenyeji na la wageni, na walinzi waliokuwa wakiwagawa watu kwa kuangalia vifua. Mzee alifika mbele ya mlinzi, akafungua vifungo vya koti kimojakimoja, kwa heshima, kama anayefungua zawadi. Akatoa kifua.

"Mzinga," alisema mlinzi. "Geti la kushoto."

"Kijana, mimi ni Nyuki."

"Nyuki gani una mzinga kifuani?"

Walio nyuma wakaangua kicheko. Mzee aliinamisha kichwa, akaivuta jezi karibu na macho, akaipapasa nembo kwa kidole gumba. Kisha akamgeukia mkwe wake.

"Mama Kifungo. Umenifanya nini?"

Mama Kifungo aliona akilini zile jezi mbili mezani, makwapa mawili, akaona mfuko wa plastiki aliotoka nao mume wake asubuhi. Mungu wangu. Na yule je?

"Songa, mzee, mjukuu atakanyagwa," mlinzi alisema, naye hakuwa mkali, lakini foleni ilisukuma kama maji, na walipopata pumzi walikuwa ndani, upande wa kushoto, kwenye jukwaa la wenyeji.

Mzee alipanda ngazi bila kuonyeshwa njia. Miguu ilikuwa inajua. Safu ya tatu, karibu na nguzo. Watu walikuwa wamebanana kila mahali, lakini pale kwenye nguzo palikuwa na nafasi ya watu wawili, na pembeni alikaa kinyozi, mguu wake ameunyoosha kuizuia isichukuliwe.

"Nilisema mimi!" kinyozi alipiga ukelele. "Nilisema atarudi! Na mzinga kifuani! Karibu nyumbani, mzee wetu!"

Watu wa safu ya juu wakampigapiga mabegani. Mzee alifungua mdomo aseme si hivyo, akaufunga. Alikaa. Mkono wake ukaishika ile nguzo.

Timu zikaingia, na Mama Kifungo akazidi kupotea. Kwa kuwa zote ni njano, wageni walivalishwa nyeupe.

"Wetu wako wapi?" aliuliza mzee.

"Wa kwako, baba? Ni wale weupe."

"Nyuki weupe?" Mzee alikaza macho kuelekea uwanjani. "Nyuki weupe umewaona wapi, mwanangu?"

Mama Kifungo alikuwa akitafuta kwa macho kwenye jukwaa la ng'ambo, na huko akamwona. Mume wake, mrefu kuliko wote, amesimama katikati ya mashabiki wa kule, jezi yake ina nyuki, mikono ameikunja kifuani kama anayemficha. Amewageuzia kisogo jirani zake. Na yale matusi yake aliyowamwagia wale watu wiki nzima sasa yako wapi?

"Baba," alimnong'oneza mzee, "mwanao yuko upande ule. Kwa wageni."

"Anafanya nini huko?"

"Ana nyuki kifuani. Ni mimi, baba. Nilizichanganya."

Mashavu ya mzee yalitikisika, na Mama Kifungo hakujua kama ni hasira au ni kitu kingine.

Kabla ya mapumziko weupe walipata kona. Jukwaa la wageni likaanza kuvuma, *vuuuuu*, na jukwaa la wenyeji, bila mtu kuamua, nalo likaanza, maana ulikuwa mvumo wao tangu utoto, na kona ni kona. Uwanja mzima ukavuma. Mgongoni Kifungo akainua kichwa. Mpira ukapigwa, na kijana mmoja wa Nyuki aliyeitwa Kiberiti, aliyezaliwa mtaa wa nyuma ya soko, akaruka akaupachika golini kwa kichwa.

Jukwaa la wenyeji lilisimama lote. Mikono ya kulia ikaruka juu. Kiberiti! Halafu, mikono ikiwa bado hewani, watu wakakumbuka. Kinyozi alibaki na mkono juu akiutazama kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Tumefungwa, si ndiyo?" aliuliza.

"Nafikiri tumefungwa," mtu alisema.

Wakakaa. Mzee hakukaa.

"Mama Kifungo, niangalizie. Mwanangu amenyanyua mkono?"

Alitazama. Kule ng'ambo wote walikuwa wakirukaruka, lakini aliye mrefu zaidi alikuwa amesimama wima, ameduwaa, na mkono wake ulikuwa juu, na wengine walipoishusha mikono yao wa kwake ulikuwa bado uko juu.

"Amenyanyua, baba."

"Upi?"

"Wa kulia."

Mzee akavuta pumzi, akakaa.

Wakati wa mapumziko watu walikwenda kunywa maji nyuma ya goli, kwenye bomba lililokuwa limegawanywa na uzio wa waya ili kila upande uchote kwake. Mume wake alikuwa amekwisha kufika, ameshika waya, jasho linamtoka na unga masikioni.

"Mama Kifungo, mwambie baba..."

"Vua," alisema mzee.

Wote wawili wakamtazama. Alikuwa amemwambia mwanawe mwenyewe, uso kwa uso.

"Vua wewe kwanza," alisema mwana.

"Mkubwa ni nani hapa?"

Mwana akavua. Mzee naye akavua, mbavu zake zikaonekana moja moja. Wakabadilishana jezi juu ya uzio. Mzee akapapasa kola.

"Hii si yangu. Yangu haina lebo."

"Yako ndiyo hii, ina mzinga."

"Mimi nataka yangu, yenye nyuki."

"Yako haina nyuki, baba. Nyuki yuko kwenye yangu."

"Basi nipe nyuki."

"Unaye mkononi!"

"Lakini jezi si yangu!"

"Na mimi nifanyeje? Nikirudi kule na mzinga kifuani watanitafuna mzimamzima. Na wewe ukirudi na nyuki kule kwetu, kinyozi atakunyoa bila wembe."

Walisimama vifua wazi, kila mmoja na jezi ya mwenziwe mkononi, na watu waliokuja kunywa maji wakanywa taratibu ili wasipitwe. Mama Kifungo aliomba ardhi immeze. Upepo ukavuma, mzee akatetemeka.

"Vaa chochote, baba," alisema mume wake, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Utashikwa na baridi."

Walivaa. Mama Kifungo hakuona nani alivaa ipi, maana hapo ndipo Kifungo alipochagua kulilowesha gauni la mama yake. Alipomaliza kumbadilisha, kipindi cha pili kilikuwa kimeanza, na wawili wale walikuwa palepale, mmoja huku mwingine kule, wamebandika paji la uso kwenye waya uleule. Mwana alikuwa akimtangazia baba asichokiona. "Sasa anao Kiberiti. Anageuka. Ah, kaotea! Kaotea, baba!"

"Hakuotea!"

"Huoni, utajuaje?"

"Mimi najua beki wao alivyo mvivu! Lazima alikuwa amebaki nyuma!"

Mzinga walirudisha goli. Nani alishangilia nini, Mama Kifungo hakuweza kusema. Wote wawili walipiga kelele, kisha wote wawili wakanyamaza, kisha wakaendelea na lile la kuotea. Filimbi ya mwisho ikalia, timu zikiwa sare. Majukwaa yakaanza kumwagika. Wao hawakuondoka.

Nje ya ukuta honi ya basi ikalia. Mama Kifungo aliisikia. Alimtazama mzee. Mzee aligeuza shingo upande wa honi, kidogo tu, kama mtu anayesikia jina lake limetajwa kwenye chumba kingine. Honi ikalia tena, ndefu. Mzee akaurudisha uso wake kwenye waya.

"Hata kama aliotea," alisema, "mguu wa beki ulikuwa wapi? Nijibu hilo. Mguu!"

Mwana, aliyekuwa ameisikia honi vilevile, alikohoa.

"Mguu ulikuwa... Tutoke kwanza, nitakuonyesha nyumbani."

Walipofika nje pale ukutani kulikuwa na maganda ya njugu na alama za matairi. Mzee alisimama mahali alipoahidi kusimama.

"Begi langu," alisema.

"Limekwenda, baba," alisema Mama Kifungo.

"Limekwenda kule?"

"Limekwenda kule."

"Bila mimi." Alifikiri. "Na dawa ya macho imo."

Jioni wifi alipiga simu. Alikwenda kumpokea baba kwenye basi, akapokea begi. Alitaka kuelezwa kuna nini. Mama Kifungo alianza kueleza, akafika kwenye makwapa, akashindwa kuendelea.

"Mwambie aliweke tu," alisema mzee. "Litafuatwa."

"Lini?"

"Mzinga wana mechi kule," alisema mume wake. "Tutalifuata wote. Dawa nitanunua nyingine kesho."

"Nani amekwambia mimi nitakwenda na mashabiki wa Mzinga?" aliuliza mzee.

"Utakwenda na mimi."

"Na nikifika nitarudi, au nitabaki na begi langu?"

Mume wake alichukua bakuli la sukari, akaliweka katikati ya meza. Hilo lilikuwa beki. Kijiko kilikuwa Kiberiti. Kikombe cha Mama Kifungo kilikuwa golikipa, kwa hiyo hakupata cha kunywea. Walilala vifua juu ya meza, wakisogeza vyombo na kugombana, vichwa vimekaribiana, cha mvi na cha unga.

"Ila mkwe wangu ana akili," mzee alisema ghafla. "Kuchanganya jezi makusudi!"

"Baba, nilikosea. Kweli nilikosea. Zote zilikuwa zimechanika kwapani."

"Ndiyo, ndiyo. Ulikosea." Alimkonyezea mwanawe jicho, lile lililokuwa na nafuu, na mwanawe akatabasamu.

Mama Kifungo aliapa, wakazidi kucheka. Akaacha. Alizichukua jezi mbili alizozikuta zimetupwa juu ya kiti, akazikunjua dirishani. Moja ina lebo kwenye kola na nyuki kifuani. Nyingine haina lebo, ina mzinga. Alichukua mkasi mdogo wa kufumulia.

"Sasa niziwekeje?" aliuliza. "Nani nimtoe nini?"

Walimtazama kana kwamba amewauliza jambo zito la kitabuni. Mzee akafungua mdomo. Mwana akafungua mdomo.

"Ngoja kwanza," alisema mmoja wao.

"Ndiyo, ngoja," alisema mwingine.

Basi akaurudisha mkasi. Kifungo alikuwa ameanza kujinyonganyonga kwa usingizi, na mzee, bila kuuliza, akanyoosha mikono, akampokea, akamlaza kifuani, akaanza kuvuma ule mvumo wake wa chini. Mume wake, akiwa bado ameshika kijiko, akaufuatisha taratibu. Macho ya mtoto yakalegea. Mama Kifungo alitaka kuwauliza wanaivumia timu gani. Akaona hapana, amwache mtoto alale.